Mfumo umewashwa, kazi imezima: kutafuta hitilafu kwa kufuata dalili

Anayepiga simu kuomba msaada huanza karibu kila mara na maneno mawili: "Mfumo umekataa." Ukimuuliza umekataa nini, kimya. Kisha linatoka jambo jingine kabisa: mishahara imechelewa, stoo haijulikani ina nini, mhasibu analala ofisini kila mwisho wa mwezi. Katika malalamiko niliyoyafuatilia kwa miaka, machache yaliishia ndani ya mashine. Mengi yaliishia kwenye fomu ambayo mtu wa stoo hakuulizwa, kwa meneja anayedai ripoti ya zamani juu ya ripoti mpya, au kwenye tarehe ya kuwasha iliyopangwa na mtu asiyejua hesabu za mwezi zinafungwa lini.

Nimepanga mambo kwa dalili, kama watu wanavyozitamka wenyewe. Sababu inayotokea sana inatangulia, ya nadra inafuata. Ukaguzi wa bure kwanza, wa fedha baadaye. Palipoandikwa SIMAMA pana madhara yasiyorudi nyuma, kwa hiyo mwenye fani aitwe kabla hujagusa kitu.

Kabla ya dalili yoyote: maswali matatu

Imeanza lini? Inampata nani? Siku hiyo kilibadilika nini?

Swali la pili ndilo watu huliruka. Tatizo la mtu mmoja kwa kawaida ni nenosiri, ruhusa za kuingia au mafunzo. La idara nzima ni utaratibu wa kazi. La kila mtu ni mtandao, seva au mipangilio ya mfumo. Linalotisha zaidi ni lile la baadhi ya mashine tu huku nyingine zikiwa nzima, kwani hapo mabadiliko hayakufika kila mahali. Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyofanya biashara ya hisa, iliingia sokoni ikiwa imeweka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilibaki na msimbo (maandishi ya programu) wa zamani ambao maagizo mapya ya hisa yaliuamsha, ikanunua na kuuza hisa ovyo kwa dakika 45. Hasara ilifika zaidi ya dola milioni 440.

Swali la tatu usilijibu kwa kichwa. Andika: programu iliyosasishwa, mtu aliyehamishwa, bei iliyopandishwa, fomu iliyoongezewa sehemu. Jibu la "hakuna kilichobadilika" nimelisikia mara nyingi sana. Sijalikuta kuwa kweli hata mara moja.

Dalili ya 1: "Mfumo upo, lakini watu bado wanaandika kwenye daftari"

Niliitwa kwenye ghala moja kwa sababu idadi ya mzigo kwenye skrini na ile ya kwenye rafu zilikuwa zimeachana kwa miezi mitatu. Meneja alishatoa hukumu: mtunza stoo ni mzee, hataki kompyuta. Nikaomba kukaa naye asubuhi moja. Mzee alikuwa akiingiza kila kitu kwenye mfumo, kwa vidole viwili, bila kukosea. Lakini kila akimaliza anavuta droo, anatoa daftari ambalo jalada lake limeshikwa na selotepu, anaandika tena. Tarehe, bidhaa, idadi. Na safu ya nne isiyo na kichwa, yenye herufi N hapa na pale.

"Mzee, hii N ni nini?"

"Nusu." Alinitazama kama mtu aliyengoja muda mrefu kuulizwa. "Mteja akichukua nusu katoni, mfumo haujui nusu, mwanangu. Unataka moja au sifuri. Basi naandika moja, halafu hapa naweka N, nijue ile nyingine bado iko rafuni."

Mfumo ule ulikuwa na uwezo wa kuhesabu vipande ndani ya katoni tangu siku ulipofungwa. Kilichokosekana ni tiki moja kwenye ukurasa wa mipangilio, na aliyejaza ukurasa huo hakuwahi kufika stoo. Marekebisho yalichukua mchana mmoja. Kuhesabu rafu upya kulichukua siku nne.

Hiyo ndiyo sababu inayoongoza: daftari linabeba kitu ambacho mfumo haubebi. Ukaguzi wake ni kuomba kuliona. Usilichukue, wala usilipige marufuku, maana ukilipiga marufuku litahamia mfukoni na hutaliona tena. Liweke kando ya skrini, linganisha safu kwa safu. Safu iliyomo daftarini na isiyokuwapo kwenye skrini ndiyo hitilafu unayoitafuta. Na faili la Excel lenye jina la "ORODHA_mwisho_mwisho2" nalo ni daftari, tofauti yake ni kwamba halina selotepu.

Sababu ya pili ni bosi mwenyewe. Jumatatu anahimiza mfumo mpya kikaoni; Ijumaa anapita mezani kuomba "ile ripoti yangu". Ile ripoti yake haitoki kwenye mfumo, kwa hiyo kazi inafanywa mara mbili. Uliza kila karatasi inasomwa na nani. Kisha itengeneze ripoti ya mfumo ifanane na ile aliyoizoea, mpangilio uleule na jumla palepale chini kulia, na ya zamani ife siku hiyohiyo. Ukiziacha zote mbili "kwa muda", muda huo hauishi.

Ya tatu ni ugumu wa mfumo, na hapa watu hukimbilia mafunzo. Tahadhari kidogo. Mtafiti Fred Davis alionyesha mwaka 1989 kwamba mtu anapopokea programu mpya hupima mambo mawili: inanisaidia kazi yangu? ni rahisi kuitumia? La kwanza ndilo lenye uzito zaidi. Karani anayejaza sehemu 30 ili mkuu wa idara apate mchoro mzuri, huku yeye mwenyewe hapati chochote, hata umpe mafunzo wiki nzima atarudi daftarini. Mpe kitu: orodha ya wadaiwa wake inayojitokeza asubuhi, au jumla inayojihesabu. Mafunzo yafuate baada ya hapo.

Ya nne ni nadra, lakini ipo: kuna anayeficha. Dalili yake ni kwamba daftari haliwezi kuonekana, au kila siku limesahaulika nyumbani.

SIMAMA. Ukihisi wizi, usimshutumu mtu, usibadilishe chochote kwenye mfumo, usimfungie akaunti kwa hasira zako. Mwite mkaguzi wa hesabu. Rekodi ulizozigusa zinapoteza nguvu kama ushahidi, na ukikosea umemharibia mtu jina.

Ukishaipata safu iliyokosekana unabaki na uamuzi mgumu: mfumo uifuate kazi, au kazi iufuate mfumo? Lidl, wenye maduka makubwa Ujerumani, walikuwa na desturi ya kuthamini bidhaa kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo wa SAP, programu ya kuendesha shughuli za kampuni, waliouweka ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Waliamua kuubadilisha mfumo. Mwaka 2018, baada ya miaka saba na gharama iliyokadiriwa kufika euro milioni 500, waliuacha. Mimi huuliza hivi: tofauti hii ndiyo inayotuletea wateja, au ni mazoea tu? Nusu katoni ya yule mzee ilikuwa inaleta wateja. Bei ya vitabuni sidhani kama kuna mnunuzi aliyewahi kuiona.

Dalili ya 2: "Kazi inakwenda polepole kuliko zamani"

Chukua saa kabla ya kulaumu chochote. Pima kazi moja tangu inaanza hadi inaisha: ankara moja, oda moja, mteja mmoja. Ipime wiki ya kwanza, ya nne na ya nane baada ya kuwasha. Pasipo kipimo utabishana na hisia za watu, na hisia hukumbuka mfumo wa zamani kwa siku zake nzuri tu.

Muda ukipungua kila unapopima, huo ni ugeni, uache uishe. Madhara ya kipindi hiki huja pale wakubwa wanapopachika badiliko jingine juu ya hili, au wanapopunguza watu eti kwa kuwa mfumo "umeshakuja". Kama kuna cha kupunguza ni malengo ya mwezi.

Usipopungua hadi wiki ya nane, hesabu hatua. Sababu ya kawaida ni utaratibu wa zamani kuvalishwa nguo mpya. Fomu ilikuwa inasainiwa na watu watano. Sasa inasubiri watano walewale wabofye "Kubali", ila zamani ungeweza kuwafuata mezani. Muulize kila mmoja: mwaka uliopita ulikataa ngapi? Asiyekataa hata moja, mtoe kwenye foleni, awe anapata taarifa tu. (Isipokuwa kwenye malipo. Pale penye fedha, mtu wa pili anabaki hata kama hajawahi kukataa kitu. Yupo kwa ajili ya siku moja.)

Mambo haya si mapya. Edison aliwasha kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, lakini kufikia 1900 umeme ulikuwa unaendesha karibu asilimia 5 tu ya nguvu ya mashine katika viwanda vya Marekani. Na wengi waliouchukua mapema hawakupata faida kubwa, kwa sababu waling'oa injini ya mvuke wakaweka mota moja kubwa palepale, mikanda ileile ikazunguka darini kama jana. Faida kubwa ilikuja miaka ya 1920, kila mashine ilipopata mota yake na kiwanda kikapangwa upya kufuata njia ya kazi. Mwanahistoria wa uchumi Paul David alieleza hayo mwaka 1990 ili kujibu swali la kwa nini kompyuta nazo zilikuwa hazijaongeza tija. Kila nionapo fomu ya karatasi iliyogeuzwa PDF ikasambazwa kwa barua pepe, naiona ile mikanda.

Baada ya hatua, angalia mtandao na vifaa. Fungua ukurasa uleule kwa waya badala ya Wi-Fi. Ufungue saa mbili asubuhi na tena saa sita mchana. Ukikokota saa fulani tu, huenda nakala rudufu (nakala ya akiba ya data) inapigwa saa za kazi, au watu wote wanatoa ripoti kwa pamoja. Kuhamishia shughuli hizo usiku hakugharimu kitu.

SIMAMA ukigundua kuwa kanzidata, yaani hifadhi ya rekodi zote za mfumo, ndiyo inayokokota. Usifute "rekodi za zamani" ili kuipa nafasi. Rekodi za zamani ndizo mkaguzi na mamlaka ya kodi watakazoziuliza, na kufuta safu moja kunaweza kuvunja nyingine usizozijua. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa kanzidata.

Dalili ya 3: "Ripoti mbili, namba mbili"

Mauzo yanasema hivi, uhasibu wanasema vile, na kikao cha saa mbili kinaisha kwa kubishana nani mwongo. Mara nyingi hakuna mwongo.

Anza na saa ya kukata. Ripoti moja inaishia saa sita usiku, nyingine inaishia ofisi inapofungwa. Kisha maana za maneno: kwa mauzo, "mteja" ni yeyote aliyeomba bei, kwa uhasibu ni aliyelipa. Waandike wote wawili maana yao kwa sentensi moja, ukutani, kabla ya kufungua kompyuta. Ugomvi mwingi huishia hapo, jambo linaloaibisha kidogo ukikumbuka muda ulioliwa.

Yakishindikana, tazama data iliyohamishwa: mtu mmoja ameandikwa mara tatu kwa tahajia tatu, tarehe ambazo siku na mwezi vimebadilishana, namba za simu zilizopoteza sifuri ya mbele. Chukua rekodi 50 bila kuchagua, uzifuatilie kwa mkono kutoka mfumo wa zamani hadi mpya. Ukikuta kosa la aina moja zaidi ya mara moja, limejirudia kwenye maelfu.

Halafu mafaili yanayokatwa njiani. Msimu wa vuli wa mwaka 2020 nchini Uingereza, majibu 15,841 ya watu waliokutwa na virusi vya korona yalikosekana kwenye hesabu kwa sababu yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo mwisho wake ni safu-mlalo 65,536. Zilizozidi zilianguka kimya, bila onyo. Kwa hiyo kila data inapotoka mfumo mmoja kwenda mwingine, hesabu zilizotoka na zilizofika. Hesabu hiyo ni ya dakika moja, na ningeiweka ukutani kando ya zile maana.

Mwisho kabisa ndipo unaposhuku programu yenyewe. Mwisho katika mpangilio, lakini usiliondoe kwenye orodha. Nchini Uingereza, shirika la posta liliweka mfumo wa Horizon kuanzia 1999, na mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, walioaminika walikuwa kompyuta na si wenye vibanda vya posta. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Ni Desemba 2019 tu ambapo mahakama ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo.

SIMAMA, kwa hiyo, kabla ya kumkata mtu mshahara au kumfikisha popote kwa sababu ya upungufu ulioonekana kwenye skrini. Mtafute mtaalamu asiyelipwa na aliyekuuzia mfumo.

Dalili ya 4: "Tumewasha Jumatatu, Jumanne kila kitu kimekwama"

Hapa mpangilio unageuka. Usianze kutafuta sababu. Saa ya kwanza ni ya kujibu swali moja: tunarudi mfumo wa zamani, au tunaendelea? Swali hilo lilitakiwa kuwa na jibu kabla ya kuwasha, kwa maandishi: "oda zikishindwa kutoka kwa saa nne, tunarudi, na mwenye kuamua ni fulani." Kama halikuandikwa, liandike sasa, kabla watu hawajachoka. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mfumo wa zamani usizimwe, wala mkataba wake usivunjwe, hadi mwezi mmoja kamili uwe umefungwa kwenye mpya na hesabu zikakubali.

Kazi ikishatembea, kwa mfumo wowote ule, ndipo uulize kwa nini.

Mara nyingi ni tarehe. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, walibana mradi uliohitaji miezi 48 ukawa wa miezi 30, wakawasha mifumo mitatu kwa pamoja Julai 1999, wakati oda za Halloween, sikukuu ya Oktoba ambayo watoto hugawiwa peremende, zinaingia. Chokoleti ilikuwapo ghalani. Oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikuweza kutoka. Kila biashara ina Halloween yake. Iulize idara ya mauzo, si kitengo cha TEHAMA, ni wiki zipi za mwaka ambazo hata balbu haibadilishwi.

Inayofuata ni majaribio yasiyofanana na siku yenyewe. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenye mfumo mpya Aprili 2018, na wateja wapatao milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Uchunguzi ulionyesha kuwa majaribio ya kubeba mzigo yalifanywa kwenye kituo kimoja cha data kati ya viwili vilivyokuja kutumika. Mwaka 2022 benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Kwa ofisi ndogo jaribio la kweli ni rahisi zaidi: chukua siku moja halisi ya kazi iliyopita, yenye fujo zake zote, na uirudie yote kwenye mfumo mpya kwa kutumia watu walewale. Siku ya mfano iliyoandaliwa na muuzaji haina mteja anayebadilisha oda baada ya kulipa.

Kisha nakala rudufu, ambayo kila mtu huamini anayo. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wa programu, alifuta kwa makosa data za seva kuu iliyokuwa kazini akidhani yuko kwenye nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja aliipiga kwa mkono saa sita kabla. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha ichukulie kuwa haipo. Irejeshe leo, kwenye mashine ya pembeni, uone kama inafunguka.

SIMAMA ukiona data zinaharibika huku watu wakiendelea kuingiza nyingine. Toa kila mtu kwenye mfumo, usizime seva, usijaribu "kurekebisha kidogo". Mwite muuzaji wa mfumo na mtaalamu wa kanzidata. Kama ni taarifa za wateja zilizovuja, ongeza mwanasheria kwenye simu hiyohiyo. Sheria za ulinzi wa data katika nchi nyingi zinakupa siku chache tu za kutoa taarifa, na katika Umoja wa Ulaya ni saa 72.

Dalili ya 5: "Kikaoni wote wanasema ndiyo, nje hakuna kinachosogea"

Dalili hii huitwa ukaidi, na neno hilo limeharibu miradi mingi kuliko ukaidi wenyewe.

Uliza kwanza: badiliko hili linamnyima nani nini? Aliyekuwa peke yake anayejua bei zote, sasa zinaonekana na kila mtu. Msimamizi wa zamu aliyekuwa akipanga watu kwa jicho lake, sasa ratiba inatoka kwenye mfumo. Hao hawatasema hapana, watasema "tutaliangalia". Dawa yake ni kulitaja waziwazi linalopotea, na kumpa mtu huyo nafasi nyingine ya kweli ndani ya utaratibu mpya. Mjua bei zote, kwa mfano, ndiye anayefaa kuzihakiki kabla hazijaingia.

Sababu ya pili ni mchoko. Orodhesha mabadiliko yaliyotangazwa kwa miaka miwili iliyopita na uweke alama kwenye yaliyokamilika. Ukiona nusu yaliachwa njiani, wafanyakazi wanafanya jambo la busara: wanasubiri hili nalo lipite. Kamilisha moja la zamani, hata dogo, kabla ya kutangaza jipya.

Ya tatu ni kuanza na watu wasiofaa. Msomi wa Marekani Everett Rogers aliwagawa wapokeaji wa jambo jipya hivi: asilimia 2.5 wabunifu, 13.5 wapokeaji wa mapema, 34 walio wengi wa mwanzo, 34 walio wengi wa baadaye, na 16 wa mwisho kabisa. Ofisini watu huanza na asilimia 2.5, kijana anayependa kila kitu kipya, kisha hushangaa wengine hawamfuati. Hawamfuati kwa sababu alipenda na kile kilichopita. Mtafute yule ambaye wenzake humwendea wakikwama. Kwa kawaida hana cheo.

Na mara chache tatizo ni uvumi wa kupunguzwa kazi. Ukiuona, ujibu siku hiyo. Kama ni kweli watu watapunguzwa, SIMAMA: usiitishe kikao cha "hamasa", zungumza kwanza na mwanasheria wa kazi na chama cha wafanyakazi. Kama si kweli, liandike na mkubwa alisaini. Kauli ya mdomo hapa haina thamani.

Dalili ya 6: "Tumenunua akili mnemba, hatuoni faida"

Au akili unde, au AI, vyovyote mnavyoiita. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 30, 2022, simu za aina hii zimeongezeka. Mwanauchumi Robert Solow alishanung'unika mwaka 1987 kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija, kwa hiyo tulia.

Kwa kawaida hakuna kazi iliyotajwa. Kilichonunuliwa ni leseni za watu wote, kazi ikaachwa ijitafute. Chagua moja inayochosha na inayoweza kukaguliwa kwa jicho, kama kufupisha malalamiko ya wateja au kuandaa rasimu za majibu, na uipime kwa ile saa ya dalili ya 2. Inayofuata ni data chafu, na hapo rudi dalili ya 3. Kisha kuna matumizi ya kificho: watu wanaitumia nyumbani, kwenye akaunti zao, wakibandika mikataba ya ofisi humo. Waulize bila kuwatisha. Samsung waliwazuia wafanyakazi mwaka 2023 baada ya msimbo wa kampuni kubandikwa kwenye ChatGPT. Katazo pekee bila kuwapa mbadala halizuii sana.

SIMAMA kabla ya kuiacha izungumze na wateja bila mtu nyuma yake. Mwezi Februari 2024, baraza la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliamuru Air Canada imlipe abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli nafuu ya anayesafiri kwa msiba na roboti ya mazungumzo ya tovuti yao. Kampuni ilijitetea kwamba roboti inawajibika yenyewe. Baraza halikukubali.

Dalili ya 7: "Aliyekuwa anaujua mfumo ameondoka"

Ya haraka: badilisha manenosiri ya usimamizi leo, hakikisha leseni, jina la tovuti na akaunti za malipo zimeandikishwa kwa jina la shirika, maana mara nyingi zimo kwenye barua pepe yake binafsi. Ukifungiwa nje kabisa, SIMAMA, usikodi mtu wa kuvunja. Mwandikie muuzaji wa mfumo ukiwa na hati za umiliki. Ya polepole: mwombe aliyeondoka saa mbili za malipo, akae na mrithi wake, mrithi ndiye ashike kibodi.

Yule mzee wa stoo naye alistaafu. Mrithi wake, binti aliyetoka chuoni karibuni, alinipigia wiki ya pili. N alishaelezwa. Lakini kwenye kurasa za mwisho za daftari kulikuwa na safu mpya, haina kichwa, imejaa herufi K. Kwenye mfumo hakuna kitu kama hicho, na rafu ya chini inaonyesha upungufu wa katoni kumi na moja. Aliniuliza aanze kukagua wapi. Nilimpa namba ya simu ya mzee.